Harambe ya Florida, chai ya Waingereza na mahamri ya kwetu: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu kula na kunywa chai katika "nchi" za bustani za burudani. Mengi yametoka kwa wasomaji wanaokwenda Walt Disney World, Florida, ambako kuna bustani ya EPCOT, yenye mzunguko wa mabanda ya mataifa 11, na mji wa kuigiza wa Harambe ndani ya bustani ya Animal Kingdom. Menyu za huko hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo tazama ya siku yako kabla hujatoka.

Tunawapeleka wazazi wetu, watu wa Mombasa, kuiona Harambe. Watapata chakula cha pwani? (Msomaji, Columbus)

Sura ya pwani wataiona, chakula cha pwani ni kidogo sana. Harambe ilifunguliwa pamoja na bustani nzima tarehe 22 Aprili 1998, na mfano wake ni Lamu: kuta zilizobambuka lipu, milango mizito, mabango kama yameandikwa kwa mkono. Jina limepungukiwa "e" moja na wazee wataligundua hilo mapema. Vibanda navyo vina majina ya kwetu, kama Tamu Tamu, Kusafiri na Dawa Bar, ila Kiswahili cha mlangoni hakifiki jikoni. Tamu Tamu ni pa vitu baridi, Kusafiri ni kahawa na keki. Tusker House ni bufee ambayo Donald Duck hupita meza kwa meza; viungo vyake vimekusanywa kutoka pande nyingi za Afrika, na pembeni kuna chakula cha watoto wa Kimarekani. Watoto watafurahi. Mzee anayetafuta pilau yenye bizari nzima na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva rangi, hapo hataipata.

Wapelekeni Sanaa, mgahawa ulio Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Hapo pana seti ya mikate mitano na vitoweo tisa: naan za aina tatu, kulcha ya vitunguu na paratha yenye jibini ya paneer, pamoja na chatne ya embe, ya ukwaju na ya kotmiri, raita ya matango, achari ya kitunguu saumu na vinginevyo. Asili yake ni India, lakini hivi ndivyo vitu vilivyovuka bahari kwa majahazi vikawa vya kwetu, na mtu wa Mombasa atavitambua kwa harufu tu. Seti moja kamili inatosha watu wanne kama kitangulizi. Anzeni na naan, kwa sababu baada ya dakika kumi hivi hupoa na kuwa ngumu kutafuna. Kulcha na paratha huvumilia zaidi kwa kuwa zimejazwa ndani. Achari ya kitunguu saumu na ile ya pilipili na ndimu ni kali kweli, zionjeni kwa ncha ya kijiko kwanza. Ombeni meza ya dirishani kabla jua halijazama, maana twiga na pundamilia hulisha mbele ya kioo.

Lazima ninunue tiketi ya bustani ili nile tu? (Msomaji, Houston)

Kwa mikahawa iliyo ndani ya EPCOT au ndani ya Animal Kingdom, ndiyo. Kwa ile ya hotelini, yaani Sanaa, Boma na Jiko, huhitaji tiketi. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla na meza za jioni huwahiwa, hivyo ingia asubuhi na mapema kwa saa za Florida. Kama umebadili nia, futa mapema, kwa sababu anayekosa kutokea bila taarifa anaweza kutozwa kwa kila mtu aliyeandikwa. Kwenye bufee za Disney, mtoto wa chini ya miaka mitatu halipiwi.

Sisi ni Waislamu. Tuangalie nini? (Msomaji, Minneapolis)

Nyama wengi huikumbuka. Kinachowaponyoka ni pombe iliyojificha. Mfano ulio wazi ni Zebra Domes, kitindamlo maarufu cha Boma: vijikuba vyeupe vyenye michirizi myeusi kama pundamilia, vinavyovutia watoto kuliko kitu chochote pale mezani. Ndani kuna krimu laini ya kahawa iliyotiwa Amarula, pombe tamu ya Afrika Kusini. Haipikwi ikaisha, inachanganywa na kugandishwa. Mwambie mtoto kabla hajafika kwenye meza ya vitamu, si baada ya kuuma.

Uliza pia kuhusu samaki wa kukaanga kwenye banda la Uingereza, kwa sababu katika mabaa mengi ya Kiingereza rojo la unga wa samaki hukorogwa kwa bia. Krimu na jeli zilizogandishwa huweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Na karai la mafuta linaweza kuwa moja kwa vyakula vyote, hata kama viazi vyenyewe havina tatizo. Andika "halali" unapohifadhi nafasi, kisha ukikaa mezani omba kuzungumza na mpishi mwenyewe. Huko hilo ni jambo la kawaida, usione haya.

Kuna tofauti gani kati ya "afternoon tea" na "high tea"? Nimeona hoteli zikiyatumia kama kitu kimoja. (Msomaji, Nairobi)

Ni vitu viwili. Chai ya alasiri ni ya watu wa majumba makubwa, na inahusishwa na Anna, mke wa Duke (bwana mkubwa) wa Bedford, mnamo miaka ya 1840, wakati chakula cha usiku kilipoanza kuliwa kwa kuchelewa na tumbo likawa linadai kitu jioni. "High tea" kilikuwa chakula cha wafanyakazi waliorudi kazini: nyama, mayai, mkate na birika la chai, juu ya meza ya kawaida ya kulia, ambayo huinuka juu kuliko vimeza vya sebuleni. Hoteli zinalipenda jina hilo kwa sababu linasikika la fahari, lakini linauza kitu kingine.

Chai ya alasiri iliyopangwa sawasawa huja kwenye sinia la ghorofa tatu, na kwa mtu mmoja hesabu ya haki ni vipande vinne vya sandwichi, skoni moja au mbili, na vikeki viwili. Huliwa vya chumvi kwanza, skoni zikiwa bado na moto, vitamu mwisho.

Ukitaka kujua kama jiko linajua kazi yake, usitazame maua kwenye sahani. Tazama sandwichi ya tango. Tango linatakiwa likatwe jembamba kama karatasi, linyunyiziwe chumvi, likae robo saa na kukamuliwa. Mkate upakwe siagi mpaka ukingoni ili maji yasipenye. Na maganda ya mkate yakatwe baada ya kujaza, si kabla. Ukikuta mkate umelowa chini, mojawapo ya hatua hizo imerukwa.

Kisha ishike skoni. (Hii siyo skonzi ya dukani, skonzi huumuliwa kwa hamira, skoni kwa poda ya kuokea.) Nzuri ina mpasuko kiunoni na hufunguka kwa mikono bila kisu. Iliyoinamia upande mmoja ilikatwa kwa kuzungusha kikatio, na ukingo ukajiziba. Kikatio hushushwa wima na kuinuliwa wima. Iliyo fupi na ngumu kama biskuti ilisukumwa nyembamba mno: donge litoke na unene wa sentimita 2.5, liingie kwenye joto la 220°C kwa dakika 10 hadi 12. Kama kuanza na krimu au na jemu, watu wa Devon hutanguliza krimu na wa Cornwall hutanguliza jemu. Krimu yenyewe iwe nzito ya kusimama kwenye kijiko, siyo ile ya kupulizwa kutoka kwenye kopo.

Kwa nini chai ninayoletewa Marekani ni maji ya rangi tu, wakati pakiti imeandikwa ya Kiingereza? (Msomaji, Dar es Salaam, aliyekuwa safarini)

Kosa si la majani. Chai za asubuhi za Kiingereza kwa kawaida huchanganywa ya Assam, ya Sri Lanka na ya Kenya, kwa hiyo huenda unakunywa majani yaliyopita kwenye mnada wa Mombasa. Tatizo ni maji. Migahawa mingi huko huchota maji ya moto kwenye mashine ya kahawa, ambayo hayajafika kuchemka, na huleta pakiti pembeni kwenye kisosi. Mpaka uifungue, maji yameshapoa zaidi. Chai nyeusi hutaka maji yanayotokota, birika lililosuuzwa kwa maji ya moto, na kijiko kimoja cha chai, kama gramu 2, kwa kila kikombe. Sema wazi: maji yachemke, na pakiti iwe ndani tayari inapoletwa. Majani ya Afrika Mashariki yaliyosagwa punje ndogo hukolea kwa dakika tatu. Ukiyaacha kumi yanakuwa makali ya kukausha ulimi, hayaongezi ladha. Ya majani marefu yapewe dakika nne au tano.

Banda la Morocco linasifiwa sana. Chai yao ya mnanaa naweza kuipika nyumbani? (Msomaji, Muscat)

Sifa zake linastahili. Lilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan II alituma mafundi wa Kimorocco kuchonga na kupanga vigae. Mnara wake umeiga ule wa msikiti wa Koutoubia, Marrakesh. Chai nayo si ngumu ukizingatia hatua ya kuosha.

Kwa birika la nusu lita na zaidi kidogo, weka kijiko kikubwa kimoja cha majani ya kijani yaliyoviringwa kama risasi za gobori. Mimina maji ya moto kiasi cha glasi moja ndogo, yaache sekunde kadhaa bila kutikisa, uyamimine kwenye glasi na kuyaweka kando: humo mna harufu ya majani. Mimina mengine, sasa tikisa birika, maji hayo ya pili yatoke machafu uyamwage, kwa sababu yanabeba vumbi na uchungu. Rudisha glasi ya kwanza, jaza maji yanayochemka, weka motoni moto mdogo dakika tatu. Ndipo utie konzi nzima ya mnanaa mbichi na sukari vijiko vikubwa vinne, zima moto, funika dakika mbili. Usikoroge kwa kijiko, utauponda mnanaa. Mimina glasi, uirudishe birikani, mara mbili tatu. Mwisho mimina kutoka juu, kama urefu wa mkono hadi kiwiko, mpaka povu likae juu ya glasi.

Yanayoharibika ni mawili. Mnanaa uliochemshwa huwa mweusi na kutoa ladha ya majani makavu. Na mnanaa mkali ule wa peremende, unaopoza koo, huifunika chai kabisa. Tafuta ule mtamu wa majani yaliyokunjamana, ambao kwenye masoko ya Muscat haukosi.

Shule ya watoto ina siku ya mataifa na sisi tumepewa meza ya Uswahilini. Watu 30. Tuandae nini, mama zetu wako mbali? (Wasomaji, Toronto)

Wekeni mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Kwa meza iliyobeba jina la Uswahilini, hiyo inatosha, na inasema kweli kuliko vinyago na vitambaa vya kupamba.

Mahamri 60: unga wa ngano kilo 1.25, sukari gramu 250, hamira ya chenga gramu 15, iliki iliyotwangwa vijiko vitatu vya chai, chumvi kidogo, samli vijiko vikubwa vitatu, na tui zito la vuguvugu kama mililita 700. Tui litiwe kidogokidogo, kwani unga wa Kanada hunywa maji tofauti na wa kwetu. Kandeni dakika 12 mpaka donge lisishike mkono. Liumuke mpaka liwe maradufu, kama saa moja na nusu; nyumba ikiwa baridi, liwekeni kwenye oveni iliyozimwa yenye taa tu. Gaweni madonge 15, sukumeni kila moja unene wa nusu sentimita, kata nne, yapumzike dakika 20 chini ya kitambaa.

Mafuta yawe 180°C. Kipande cha unga kikitupwa kinatakiwa kuelea baada ya sekunde mbili au tatu. Hamri likielea, limwagieni mafuta juu kwa upawa mfululizo. Hiyo ndiyo inayolifutua. Lisipofutuka, ama limesukumwa jembamba mno, ama ukingo umekauka kwa kuachwa wazi, ama mafuta hayajapata moto, na hilo la mwisho ndilo linalonyonya mafuta.

Mbaazi kavu kilo 1.5 zilowekwe usiku kucha, zichemshwe bila chumvi mpaka zipondeke kwa kidole. Tieni tui jepesi, manjano, kitunguu na pilipili mbichi nzima, kisha makopo mawili ya tui zito mwishoni kabisa, mkikoroga upande mmoja kwa moto mdogo. Tui zito likitokota kwa nguvu hukatika.

Chai lita sita: maji lita 3.5 na tangawizi mbichi iliyopondwa gramu 100, iliki 15, vijiti vitatu vya mdalasini. Ichemke dakika kumi kamili *kabla* ya maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Wengi hulaumu maziwa ya dukani kumbe wameharakisha tangawizi. Kisha majani gramu 60, dakika tatu, halafu maziwa lita 2.5, yapande mara moja, chujeni moja kwa moja kwenye chupa za chai. Sukari wekeni pembeni.

Kumbi nyingi za shule haziruhusu karai la mafuta, hivyo kaangeni nyumbani asubuhi ileile. Yabebeni kwenye kapu lililotandikwa karatasi na kufunikwa kitambaa cha pamba, kamwe si mfuko wa nailoni: mvuke ukikosa pa kutokea, ngozi ya hamri hulegea na yote yatafika yamelala.