Umeme wa mpakani: andaeni ushahidi kabla baruti haijalipuka

Mradi wa Maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera kati ya Ngara na Kirehe, ni wa megawati 80 zinazogawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwanzoni lilifikiriwa bwawa kubwa zaidi, ambalo lingezamisha mabonde na mashamba mengi. Baadaye likaachwa, mitambo ikategemea mtiririko wa mto wenyewe. Mabadiliko ya aina hiyo huwezekana michoro ikiwa bado mezani. Zege likishamwagwa, mnabaki kujadili fidia tu.

Kwa hiyo ninyi wanakijiji mnaosubiri mradi wa aina hii, anzeni na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Upande wa Tanzania, kanuni zinataka iwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi. Dai nakala, usiridhike kusomewa mkutanoni. Tafuta humo maji yatapanda hadi usawa gani, kiasi gani kitaachwa kipite kwenye maporomoko wakati wa kiangazi, na tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali. Kitakachopandwa baada ya tarehe hiyo hakilipwi.

Mthamini akija, hesabuni naye migomba na mibuni shina kwa shina. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, inadaiwa na riba.

Ila kinachowapotezea watu haki kirahisi kabisa ni nyufa. Handaki la maji huchimbwa kwa baruti, na nyumba ya matofali yaliyojengewa udongo haistahimili mtikisiko. Mkandarasi atasema ufa ulikuwepo zamani, na bila kumbukumbu hamna la kumjibu. Kabla ulipuaji haujaanza, piga picha kila ukuta, ndani na nje, rula ikionekana pembeni. Ufa uliopo uwekee alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, uandike tarehe na upana kwa milimita. Kisha paka jasi katikati, upana wa vidole viwili, ivuke ufa toka upande hadi upande. Jasi ikikatika, ufa unatembea. Usitumie udongo: hupasuka wenyewe ukikauka, na ushahidi wako unaharibika. Mwenyekiti wa kitongoji asaini orodha. Nakala ibaki ofisi ya kijiji, nyingine apewe mkandarasi naye asaini kuipokea.

Sheria za Rwanda na Burundi ni nyingine, lakini mto ni mmoja. Kihangaza cha Ngara kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, basi kaeni pamoja muandike madai yanayofanana, hasa kuhusu vilima vya juu. Udongo unaomomonyoka huko huja kama mchanga unaosaga mapanga ya tabo, yaani mashine inayozungushwa na maji kuzalisha umeme, kwa hiyo matuta na miti ni matengenezo ya mtambo. Yaombeeni fungu ndani ya bajeti ya mradi, msiyaombe kama hisani.

Na umeme wenyewe. Laini ya kilovoti 220 kutoka Rusumo kwenda Nyakanazi inapita juu ya vijiji, na haiwezi kuchepushwa njiani kumpa mtu taa. Lazima umeme ufike kituo cha kuupoza, ndipo urudi kwa laini ya kilovoti 33 na transfoma. Dai linalosema "kijiji kipate umeme" halina bajeti. Andikeni kilomita za laini, idadi ya transfoma na majina ya vitongoji, na barua ifike kabla mkopo wa mradi haujasainiwa.