Kamba, kisiki na majeruhi 75

SWALI: Kanisani husimuliwa habari za Desmond Doss, Msabato wa Marekani aliyekuwa mganga wa kikosi na akakataa kushika bunduki. Eti Mei 1945, kule Okinawa, kisiwa cha Japani, aliteremsha majeruhi 75 kwenye genge (mwamba wa wima) peke yake. Hapo hapajatiwa chumvi? Na kweli bunduki hakuigusa kabisa? (Msomaji, Kisii)

JIBU: Tuanze na hesabu. Askari 155 walipanda genge hilo, na 55 wakashuka wenyewe. Wakubwa wake wakatoa, wakapata 100. Doss akakataa, akasema hawazidi 50. Wakakutana katikati: 75. Kwa hiyo idadi hiyo ni ya maafikiano, na aliyeipunguza ni mwenyewe.

Uzito si kikwazo kama unavyodhani, kwa kuwa aliizungusha kamba kwenye kisiki. Mzunguko mmoja kwenye mti mkavu huweza kushusha kilo 80 hadi kama kilo 12 mkononi. Msuguano ndio unaobeba. Bila kisiki, kamba hukimbia na kuchuna viganja. Mizunguko ikipandana nayo, kamba hukwama na mtu hubaki akining'inia, tena chini ya risasi.

Kazi hasa iko kwenye fundo. Mazoezini, huko West Virginia, Doss aligundua kwamba ukikunja kamba iwe mbili kabla ya kufunga fundo la kitanzi lisiloteleza, unapata vitanzi viwili. Kila mguu huingia chake, kisha kamba hupitishwa kifuani ili aliyezimia asipinduke kichwa chini. Kitanzi kimoja cha kwapani hubana mbavu, na mikono ikiinuka mtu huchomoka. (Maelezo rasmi ya nishani aliyotunukiwa baadaye yanataja machela iliyoshikiliwa kwa kamba, fundo alilieleza mwenyewe.)

Na huyu ndiye askari wenzake waliyemrushia viatu akisali kambini, maofisa wakitaka aondolewe jeshini kwa kisingizio cha ugonjwa wa akili! Rais Truman alimvisha Nishani ya Heshima, ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, tarehe 12 Oktoba 1945.

Bunduki aliigusa, ila si kwa kufyatua. Mei 21, akiwa tayari ameumizwa miguu na guruneti, risasi ilimvunja mkono. Akachukua kitako cha bunduki, akakifunga mkononi kiwe banzi la kushikilia mfupa, akatambaa kama mita 270 hadi kituo cha matibabu.