Shemeji, ile ploti ya Ahero iacheni

Shemeji, ujumbe wako nimeupata. Unasema dada yangu amekonda, tumbo linamjaa kila akila, damu haipandi ingawa anameza vidonge vya madini ya chuma, na ametibiwa taifodi mpaka mmechoka. Kwa kuwa mimi nilipatikana na siliaki, ugonjwa ambao ngano huufanya mwili uharibu utumbo wake wenyewe, huku Leeds, Uingereza, unataka nimtafutie daktari bingwa wa tumbo, nanyi muuze ploti mje. Msiuze.

Huku mtu hajichagulii bingwa kama anavyochagua samaki aina ya ngege pale ufukweni Dunga. Unaanza kwa daktari wa mtaa, na asipoona haja ya kukutuma mbele unarudi nyumbani na panadol. Wa kwanza kuniona alisema ni uchovu wa kazi za usiku. Nilipokuja kutumwa hospitalini nikaingia kwenye foleni. Serikali imejiwekea lengo la wiki 18, lakini wanaongoja kupita hapo ni wengi mno. Na huyo bingwa mnayemuota aliniuliza maswali machache, akanipangia kamera ya kuingizwa tumboni kupitia mdomoni, basi. Sina neno naye, ila aliyenifunza kuishi na ugonjwa huu ni mtaalamu wa lishe.

Halafu hili la matibabu ya bure. Anayehamia huku kwa viza ya kazi kwa kawaida hulipa kwanza ada ya afya, ambayo sasa ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, mbali na kodi ya mshahara. Anayekuja kama mgeni akatibiwa na bingwa kwenye hospitali ya serikali hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Piga hesabu, kisha ongeza tiketi.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, na hakihitaji ndege. Kinaitwa tTG-IgA, nacho hutafuta kingamwili za siliaki kwenye damu. Mwombeni daktari aandike na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA anaweza kuonekana mzima ilhali anaumwa. Ulizeni maabara kubwa za mjini; zisipokipima zenyewe, ulizeni kama hutuma damu Nairobi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Najua mama ameshamwambia aache ngano, kwa sababu yangu. Arudie chapati! Ukiacha ngano utumbo huanza kupona na kipimo huenda kisione kitu. Mwongozo wa huku unataka mtu ale ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi, kabla ya kupimwa. Akizidiwa, amwambie daktari, asiamue peke yake.

Damu ikionyesha dalili, ndipo mtafute bingwa. Ulizeni hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu, na pakikwama, ile ya Moi kule Eldoret. Msiangalie vyeti ukutani. Mwulizeni kabla ya kamera: utanyofoa vipande vya utumbo mwembamba, pale mwanzo wake baada ya tumbo, uvipeleke maabara? Siliaki hukaa huko. Anayechungulia tumbo tu akasema hakuna vidonda hajajibu swali letu. Na anayemwambia aache ngano kabla ya kumpima, muageni kwa heshima mwondoke.

Huenda si siliaki. Vijidudu vya tumboni kama amiba na jiadia, hata maziwa yanaweza kuleta tumbo kama hilo. Lakini kwa ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa hukadiriwa kuwa mtu 1 katika 10 anao, kwa hiyo mama naye apimwe, hata kama haumwi popote.

Dawa hakuna, Shemeji. Ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano) maisha yote. Hapo nawaonea wivu. Mimi nalipa bei ya kuudhi kwa kamkate kanakomomonyoka mkononi, nyinyi mna ugali, wimbi, mtama, mihogo na omena mlangoni. Faida ya huku ni maandishi: sheria inalazimisha ngano iandikwe kwa herufi za kuonekana kwenye pakiti, nami husoma pakiti dukani kama mkaguzi. Kwenu hatari ni ile posho mill inayosaga ngano asubuhi na wimbi mchana, unga wa uji uliochanganywa, na samaki aliyekaangwa kwenye mafuta ya mandazi. Sufuria yangu nimeifunga utepe mwekundu kwenye mpini, isichanganywe na za ngano, na wenzangu wa nyumba wameshazoea. Kigumu zaidi ni wageni. Hata huku, kwenye matanga ya Wakenya, kuna shangazi atakayesukuma sahani ya chapati akisema kidogo tu haidhuru. Inadhuru.

Pesa ya kipimo cha damu nitatuma, lakini mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Kabla ya hapo sina. Majibu yakitoka nipigie picha karatasi nzima, pamoja na ile safu ya viwango vya kawaida vya maabara, maana kila maabara ina vyake.