Kaka anayerudi idara ya dharura kila mwezi: je, mratibu wa huduma atamsaidia?

Dada yangu, umeuliza kama mkubali hospitali ya huko Marekani impangie kaka yako mratibu wa huduma, yaani mtu wa kumfuatilia na kumuunganisha na huduma anazohitaji, kwa kuwa kila mwezi anakimbizwa idara ya dharura sukari ikiwa imempanda. Kubalini, ila ulizeni kwanza mratibu huyo atafanya nini hasa.

Utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wagonjwa wanaorudi dharura mara kwa mara waliopewa mratibu walipunguza safari za dharura, na hata ukosefu wa makazi na ulevi vilipungua. Huko Camden, New Jersey, matokeo ya utafiti mwingine wa uratibu wa huduma, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalivunja moyo: miongoni mwa wagonjwa 800, waliofuatiliwa na timu ya waratibu baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini walilazwa tena ndani ya siku 180 kwa asilimia 62.3, na wasiofuatiliwa kwa asilimia 61.7. Kwa maoni yangu, kumsindikiza mgonjwa kliniki hakutoshi ikiwa hana chakula wala pa kulala.

Kwa hiyo mwombeni mratibu afike nyumbani, afungue friji aone insulini inakaa wapi, kisha amtazame kaka yako akijichoma mwenyewe, kwa sababu kosa dogo la kipimo haliwezi kuonekana kwenye faili. Kama Kiingereza kinamtatiza, daini mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumtoa bila malipo. Akianza kutapika au kuchanganyikiwa, mpelekeni dharura mara moja, msisubiri simu ya mratibu.