Kabla hujakumbatia jiwe, tazama friji la Columbu

Siku ya kwanza kushika lile jiwe la zege la mviringo, la kilo 90, nililivuta mikono ikiwa imekunjwa, kama mtu anayenyanyua ndoo. Lilipofika usawa wa magoti nikasikia kitu kinachomoka juu kidogo ya kiwiko. Nikaliachia. Kwa wiki sita hata kufunga vifungo vya shati ilikuwa kazi. Na kisa chenyewe ni sifa tu: kulikuwa na watu pembeni wameshika simu.

Wiki hizo sita nilizimalizia kwenye kanda za mashindano ya Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani, tangu yalipoanza. Nawe fanya hivyo kabla hujagusa mzigo wowote.

Yalianza 1977 huko California, ndani ya Universal Studios, na tusidanganyane, kilikuwa kipindi cha televisheni kwanza, mchezo baadaye. Wanyanyua vyuma na watunisha misuli waliwekwa pamoja, wakaambiwa wakimbie na friji mgongoni. Franco Columbu, aliyetoka kutwaa Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mwaka uliotangulia, alikuwa mdogo kuliko karibu wote na bado akawa anawasumbua. Akiwa mbioni na friji, goti likateguka. Rudia kipande hicho polepole: mguu unakosea hatua moja, mzigo umefungwa mgongoni, hana namna ya kuutupa. Tangu nikione, sijifungi mzigo nisioweza kuuachia, na sikimbii na uzito ambao sijautembeza kwanza. Mshindi alikuwa Bruce Wilhelm, mnyanyua vyuma wa Olimpiki, akarudia 1978.

Mawe ya mviringo yaliingia 1986, ila kubeba mawe ni mchezo wa zamani sana. Iceland kuna jiwe la Húsafell, kilo 186, na wanaume bado wanalikumbatia na kuzunguka nalo zizi la mawe. Hapa ndipo nilipoona kosa langu. Wanaojua hawalivuti kwa misuli ya mikono. Mikono inanyooka kama kamba, mgongo na miguu ndiyo inayofanya kazi. Jiwe linapakatwa mapajani kwanza, unachuchumaa nalo, unalikumbatia upya juu zaidi, ndipo unasimama kwa kusukuma nyonga mbele. Ule ulimbo wanaojipaka mikononi usiuguse miezi ya mwanzo. Unakuficha udhaifu wako.

Ukitaka wa kumwiga, mchague Mariusz Pudzianowski, mataji matano kati ya 2002 na 2008. Nguvu alikuwa nazo, lakini tazama miguu yake ilivyo miepesi na pumzi isivyomwishia. Rekodi za wakati huo za kunyanyua kutoka chini, kilo 500 za Eddie Hall mwaka 2016 na 501 za Hafþór Björnsson mwaka 2020, zifurahie ukiwa umekaa kwenye kiti. Hall mwenyewe alitoka damu puani.

Pia pima moyo na presha. Jón Páll Sigmarsson, bingwa mara nne, alifariki mwaka 1993 akiwa mazoezini, na umri wake ulikuwa miaka 32.

Mimi nilirudi na gunia la mchanga la kilo 40. Baada ya miezi minne ndipo nikalirudia lile jiwe, mikono imenyooka, likapanda. Nikalinyanyua mara tatu. Ya nne nilisikia mgongo unaanza kupinda, nikaenda kunywa maji.