Usianzie Kwenye Maandishi: Namna ya Kuitambua Bunduki ya Kale

Karakana yangu iko Ngara, Nairobi, na kazi yangu ya kila siku ni kufufua samani za zamani: makabati, saa za ukutani, masanduku ya njumu kutoka Pwani. Kwa kuwa anayetengeneza sanduku la miaka mia hudhaniwa kujua kila kitu cha miaka mia, watu wamezoea kuniuliza pia habari za bunduki walizoachiwa na babu zao. Nimejifunza mengi kwa njia hiyo, na somo kubwa kuliko yote nililipata kwa kuaibika.

Familia moja ilikuwa ikigawana mali ya marehemu baba yao, na miongoni mwa mali hiyo kulikuwa na bunduki ndefu ambayo wakili wao alikuwa ameihifadhi kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni. Walisimulia kwamba babu yao alirudi nayo kutoka Vita Vikuu vya Kwanza, alikokwenda kama mpagazi wa Kariakoo, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Uingereza. Nilipoonyeshwa bunduki yenyewe, niliinama moja kwa moja kwenye bamba la mtambo, nikasoma neno TOWER na mwaka 1856, na nyuma ya nyundo nikaona taji juu ya herufi VR, alama ya Malkia Victoria. Nilijua kwamba jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki ya Enfield ya muundo wa 1853, yenye kipenyo cha inchi 0.577, mtutu wa inchi 39 na pete tatu za kuushikilia kwenye mti. Nilipima, vipimo vikakubali, nami nikawaambia bila kusita kwamba wana kitu halisi.

Fundi wa duka lile, mtu mpole asiyependa kubishana, alisema tu, "Fundi, hebu nishikie tochi." Alilegeza pete tatu, akafungua skrubu ya nyuma, akauinua mtutu taratibu kutoka kwenye mti na kuugeuza tumbo juu. Mahali pasipofikiwa na jua wala jasho la mkono, chuma kiling'aa kama sufuria mpya. Kulikuwa na nyota ndogo juu ya herufi PN, na kando yake kisanduku chenye herufi AA. PN ni muhuri wa Italia kwa silaha iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi, na AA ni alama yao ya mwaka 1975. Binti mkubwa wa marehemu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu alizikwa kabla ya Uhuru.

Tangu siku hiyo maandishi ya juu nayasoma mwisho. Anayetengeneza nakala, awe mwaminifu au tapeli, hunakili kwanza kile ambacho mnunuzi atakitazama kwanza, yaani taji, mwaka na jina. Viwanda vya Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, hutengeneza nakala nzuri na halali kwa wapenda historia, na muhuri wao wa majaribio hawauondoi. Anayeuondoa ni muuzaji wa pili au wa tatu, kwa tupa. Kwa hiyo ukikuta chini ya mtutu sehemu iliyosuguliwa bapa ilhali kwingine kote chuma kina rangi yake ya zamani, jiulize kilichokuwa kimeandikwa pale.

Mimi huanza na skrubu. Skrubu ya zamani ina mfereji mwembamba, mara nyingi umeliwa kidogo na bisibisi za vizazi kadhaa, na kichwa chake kimezeeka pamoja na chuma kinachokizunguka. Skrubu yenye msalaba kichwani ilienea katika miaka ya 1930, kwa hiyo ikiwa imo kwenye bunduki ya 1856, ama bunduki ni nakala au kuna fundi aliyepita hapo. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: kwenye bunduki zao za kijeshi walipiga tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki hata juu ya skrubu. Askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walioingia Taveta mwaka 1914 wengi wao walibeba Mauser za muundo wa 1871, za milimita 11, ambazo moshi wake mzito uliwafichua kila walipofyatua. Akikujia mtu na Mauser ya aina hiyo akidai inatoka vita vya Taita, itazame namba ya mwili, kisha namba za skrubu na pete. Zikipishana, si lazima iwe bandia, lakini imeungwa kutoka kwa bunduki zaidi ya moja, na bei yake haiwezi kuwa ile ya nzima.

Baada ya skrubu hutazama uchakavu, na hapa kazi ya samani imenisaidia. Mti huchakaa pale mkono na shavu vinapogusa, chuma huliwa karibu na tundu la moto, yaani kitundu ambacho cheche hupitia kuifikia baruti, au chuchu ya fataki ambako mlipuko ulitokea, na kutu ya miaka mingi huwa ya kahawia iliyoiva, laini kwa kidole. Kutu ya asidi ni ya rangi ya chungwa na imeenea sawasawa kila mahali, hata ndani ya herufi. Herufi zenyewe zitazame kwa kioo cha kukuzia: zilizopigwa kwa nyundo na muhuri zina kingo kali, ilhali zilizomiminwa pamoja na chuma kwenye kalibu zina kingo za mviringo, kama sabuni iliyotumika. Sumaku ndogo nayo hutosha kuyaumbua mapambo ya ukutani yaliyotengenezwa kwa zinki, kwa sababu haitanata.

Baada ya hayo ndipo nisome maandishi, nikitafuta yanayojipinga. Bunduki za Martini-Henry, zilizoingia jeshi la Uingereza mwaka 1871, zilinakiliwa kwa mkono kwa wingi katika milima ya mpaka wa Afghanistan na ile ambayo sasa ni Pakistan. Mafundi wale walikuwa hodari wa chuma, lakini wengi hawakujua kusoma Kiingereza, na ndiyo maana unakuta herufi N imegeuzwa, au taji la VR juu ya mwaka wa baada ya 1901, mwaka aliofariki Victoria. Kwa maoni yangu vitu hivyo vina historia yake na si vya kudharauliwa, mradi visiuzwe kwa jina la Enfield, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza.

Magobore ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa upande wa pili. Watu hudhani kwamba bunduki ya gumegume, inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, lazima iwe ya enzi za misafara ya Zanzibar. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu. Basi viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, viliendelea kuzitengeneza hadi karne ya 20, wakati Wazungu wenyewe walikuwa wamekwishaziacha zamani. Mama mmoja alinieleza kwamba gobore la ukoo wao lilikuwa la miaka ya 1850. Kwenye mtutu kulikuwa na herufi ELG ndani ya duara la yai, muhuri wa Liège, na juu yake taji dogo. Taji hilo liliongezwa mwaka 1893. Lilikuwa gobore halisi kabisa, ila changa kuliko masimulizi.

Kabla ya yote haya, mambo mawili. Usidhani kwamba umri, au kuwa nakala, huiondoa bunduki mikononi mwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Nakala ya Italia hufyatua kama mama yake, na silaha uliyoikuta darini ni ya kuripotiwa polisi kabla ya kuonyeshwa fundi yeyote, mimi nikiwamo. Pili, magobore mengi yaliwekwa ukutani yakiwa na baruti ndani. Fundi wa duka lile hutumbukiza ufito wa mbao mtutuni huku amekaa kando ya mdomo wake, huuwekea alama unapoishia, kisha huulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake isipofika kwenye tundu la moto, kuna kitu ndani, na hapo kazi husimama mpaka kiondolewe na mwenye ujuzi.

Familia ile ilikumbuka baadaye kwamba mjomba wao aliishi London na alirudi Nairobi mwaka 1978 na mizigo mingi. Waliikatia bunduki kibali kwa jina la kaka mkubwa. Mimi nilitengeneza kabati la kioo la baba yao, na hilo niliwatoza nusu bei.