Mikutano mitatu umeikataa, sasa unangoja upi?

*Kwako shangazi. Nina miaka 41, ni mwalimu hapa Nakuru. Mke wangu anasema nimekuwa mlevi, ingawa mimi hunywa bia mbili tatu tu jioni, na kidogo asubuhi ya kutoa loki ili mikono itulie nishike chaki. Ameniambia nitafute kikundi cha watu wanaoacha pombe au nimpishe. Nimeenda vitatu. Cha kwanza walisali mno. Cha pili kilijaa watu wa chang'aa, si wa kiwango changu. Cha tatu, cha Jumanne, nilimkuta jirani nikatoka kabla ya chai. Sasa mke analala chumba cha watoto na kadi yangu ya benki anakaa nayo. Nitapataje kikundi kinachonifaa, na nimwambieje apunguze makelele?*

Mpwa wangu, pole. Kuingia chumba cha watu usiowajua na kuketi ukijua kilichokuleta si jambo dogo, na umelifanya mara tatu. Pole yangu inaishia hapo.

Mtu wa bia mbili tatu hahitaji pombe ili ashike chaki. Wala mke hashiki kadi ya mtu wa bia mbili. Naamini kuna mwezi karo haikulipwa, na hilo hukuliandika. Mke wako umemmaliza kwa neno moja, "makelele", halafu vikundi ukavieleza kirefu kama mtu anayepimiwa suti. Mimi niko upande wa mama watoto. Amehamia chumba cha watoto, hajahamia kwao. Huyo bado anakungoja.

Kabla ya kikundi, mikono. Anayetetemeka asubuhi asiache pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kushikwa na kifafa, au mtu akaanza kuona visivyokuwepo. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, na wapo waliokufa. Nenda hospitali umwambie daktari kiasi chenyewe unachokunywa. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, nambari isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Sasa hilo la kiwango, ambalo limeniudhi. Alcoholics Anonymous (AA), umoja wa vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili: mmoja wa biashara ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji. AA wenyewe husimulia kwamba daktari huyo alikunywa bia yake ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, asubuhi, ili mikono itulie akampasue mgonjwa. Yeye kisu, wewe chaki. Yule wa chang'aa aliyeketi mbele yako ana mikono hiyo hiyo, ila yeye alibaki mpaka mwisho.

Sala nazo zisikukimbize. Sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa, na kila kikundi hujiendesha chenyewe, kwa hiyo cha mtaa huu hakifanani na cha mtaa ule. Kuna mikutano ya wazi ambayo hata mkeo anaweza kuketi, na iliyofungwa, ya wenye tatizo peke yao. Ipo pia ya mtandaoni. Tafuta, sikukatazi. Lakini mchagua jembe si mkulima. Kwa kukaa dakika chache mahali huwezi kujua kama panakufaa. Kaa kikundi kimoja mara sita, mpaka mwisho, na chai unywe, maana kwenye chai ndiko watu hupeana nambari za simu. Hapo ndipo utampata mwanamume aliyeacha miaka kadhaa iliyopita, umwombe awe mdhamini wako, wa kumpigia saa tatu usiku koo linapowasha.

Mkeo naye ana pake. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya jamaa za walevi, na mke wa mmoja wa wale wawili wa Akron alikuwa kati ya waanzilishi.

Na nyinyi mnaomwambia kila mke "vumilia, ndoa ni kuvumilia", nisikilizeni. Nimewaona wanawake wakimpigia mwalimu mkuu simu kusema "ana malaria", wakiosha matapishi kabla watoto hawajaamka, wakisifiwa kanisani kwa kutunza ndoa. Walichotunza ni chupa. Ndoa za siku hizi zinapigwa picha nzuri sana za harusi, lakini mume akianza kuzama, ukoo mzima humgeukia mke na kumfunga mdomo. Mke anayesema "nenda kwenye kikundi au nipishe" ameipenda nyumba yake kuliko sifa yake. Mficha uchi hazai, na huyu amekataa kuuficha.

Kadi muachie, wala usiidai. Mwambie kiasi unachokunywa kabla hujamwambia daktari, kisha mwende hospitali pamoja. Daktari akikuruhusu, rudi kwenye kile cha Jumanne. Jirani yako alikuona, nawe ulimwona, na hakuna kati yenu aliyefika pale kwa bahati mbaya. Keti karibu naye.